Laptopu ya kwanza: ikague ukiwa bado na hela mfukoni

Mwezi wa kumi, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, simu yangu haitulii. "Mjomba, nina laki tano na nusu, nataka laptopu." Mara nyingi anayepiga tayari yuko Kariakoo, keshaonyeshwa mashine, na sauti ya muuzaji naisikia pembeni ikimhimiza. Wakati mwingine keshalipa kabisa. Hapo msaada wangu unakuwa mdogo, kwa sababu karibu matatizo yote makubwa ya laptopu iliyotumika yanaonekana ndani ya saa moja au mbili pale dukani. Ukishavuka mlango nayo, muuzaji ana majibu yote: umeiangusha, umeichomeka kwenye umeme mbovu, umeingiza virusi.

Nazungumzia zilizotumika kwa kuwa ndizo wengi tunaanza nazo: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Hizi zilikuwa maofisini huko Ulaya na Marekani, zikatumika miaka kadhaa, zikaondolewa kwa mkupuo na kuuzwa kwa jumla. Wapo wanaoona afadhali mpya ya bei hiyo hiyo, iliyo ndani ya boksi lake. Mimi simo. Mpya ya bei hiyo aghalabu ina prosesa (ubongo wa mashine) dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao isiyoongezeka, na nafasi ya GB 64 ambayo Windows yenyewe inakula sehemu kubwa. EliteBook ya miaka sita unaifungua kwa bisibisi na kuongeza RAM siku ukipata hela.

Kabla hujapanda mwendokasi

Weka kwenye begi: flashi, hedifoni ya waya, simu yenye bando la kama GB 2 hivi, kalamu na karatasi. Kwenye flashi weka programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ile isiyohitaji kusakinishwa. Kazi yake nitaieleza. Nenda asubuhi. Jioni duka limejaa, muuzaji ana haraka, na wewe unawaza foleni ya kurudi nyumbani.

Jua unachotafuta kabla hujaambiwa unachotaka. Cha kwanza ni kizazi cha prosesa, na hakisomwi kwenye "i5" au "i7" bali kwenye namba zinazofuata. Core i5-6300U ni kizazi cha sita. Core i5-8350U ni cha nane. Core i5-10310U ni cha kumi. Mpwa wangu mmoja alinipigia akijigamba kapata i7 kwa bei ya i5. Kumuuliza namba, akasoma: i7-4600U. Kizazi cha nne hicho, na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, wakati i5-8350U aliyoiacha duka la jirani ina vinne.

Lenga kizazi cha nane kwenda juu. Kwa nini? Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel, ndizo hizi za Core, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, tukiacha chipu chache sana za cha saba. Kuna mbinu za kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani, na muuzaji atakuonyesha inawaka vizuri tu, ila Microsoft haikuahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho. Kama bajeti inaishia kizazi cha sita, nunua, lakini ujue unakwenda kuiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Kwa kuandika ripoti na kusoma PDF inatosha kabisa.

Vingine: RAM GB 8, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 256. Usikubali diski ya kuzunguka hata ukiambiwa ni GB 500. Mashine itachukua dakika nzima kuwaka na utaichukia. Na ukiona Windows inasema GB 238 badala ya 256 hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kaunta: anza ikiwa imezimwa

Muuzaji atakupa mashine ikiwa tayari inawaka, imechomekwa kwenye umeme, na picha nzuri ya mlima kwenye kioo. Mwombe kwa upole aizime na kuchomoa chaja.

Ifunge, uilaze juu ya kioo cha kaunta, bonyeza kona moja moja. Ikicheza kama meza mbovu, au mfuniko haufungi sawasawa, au kile kibao cha kusogezea mshale kimevimba katikati, betri imefura ndani. Hiyo iache hapo hapo, hata ikipunguzwa bei. Igeuze uhesabu skrubu. Zikikosekana mbili tatu kuna fundi alipita na hakujali. Fungua na ufunge kioo polepole ukisikiliza bawaba. Bawaba inayolia leo itapasua plastiki ya kioo kabla ya mtihani wa kwanza.

Angalia kibodi kwa karibu, kwa sababu mashine nyingi zimetoka Ujerumani, Ufaransa au nchi za Skandinavia. Kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana nafasi, ya Kifaransa A imekaa pa Q. Wauzaji hubandika stika za herufi juu yake. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa herufi: ukisikia kipande kinainuka, hiyo ni stika, na kwa jasho la Dar haitamaliza muhula. Mashine si mbaya, na Windows inabadilishwa ifuate mpangilio tuliouzoea, lakini hiyo ni hoja ya kushusha bei.

Sasa iwashe na uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijaja. Bonyeza mfululizo F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikikuomba neno la siri, muulize muuzaji. Asipolijua, mrudishie mashine. Kwenye ThinkPad, neno hilo likipotea tiba rasmi ya Lenovo ni kubadilisha ubao mzima. Mashine nyingine zinakuruhusu kuingia kutazama tu, kwa hiyo jaribu kubadilisha kitu kidogo, uhifadhi, uone kama imekubali, kisha ukirudishe kilivyokuwa. Ukiwa humo humo pita sehemu ya usalama utafute maneno "Absolute" au "Computrace". Ni mfumo wa kampuni kufuatilia mashine zake. Ukikuta umewashwa, achana nayo.

Nakili pia namba ya mashine inayoonyeshwa humo uilinganishe na stika ya chini. Dell wanaiita Service Tag, ina herufi na namba saba. Ukiiandika kwenye tovuti yao unaletewa modeli halisi. Stika na BIOS vikipishana, ubao umebadilishwa, au mfuniko ni wa mashine nyingine.

Betri na diski: namba ambazo kitambaa hakifuti

Mwili wa laptopu unang'arishwa kwa spiriti na kitambaa. Hizi namba mbili hazing'arishwi, na ndizo ningezikagua hata kama ningepewa dakika tano tu.

Betri kwanza. Kwenye sehemu ya kutafutia andika cmd, fungua hilo dirisha jeusi, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakuandikia faili limehifadhiwa wapi. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: "DESIGN CAPACITY" ni uwezo betri ilipotoka kiwandani, "FULL CHARGE CAPACITY" ni uwezo uliobaki. Gawanya cha pili kwa cha kwanza.

Nilimsindikiza binti wa dada yangu kununua Latitude. Muuzaji alisema betri inakaa saa nne, "labda tano ukipunguza mwanga, kaka". Ripoti ikasema kiwandani ilikuwa mWh 60,000, leo mWh 21,600. Asilimia 36. Nilimgeuzia kioo aone mwenyewe. Akacheka, akaenda nyuma, akarudi na mashine nyingine ya modeli ile ile yenye asilimia 81, bei haikubadilika hata shilingi. Zote mbili zilikuwa zake tangu asubuhi.

Mimi, ikizidi asilimia 70 nachukua. Kati ya 50 na 70 naomba bei ishuke. Chini ya hapo nauliza kwanza betri mpya ni shilingi ngapi na kuitoa kwenye bei. ThinkPad kama T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa, hivyo ripoti italeta safu mbili, soma zote. Na ukikuta namba zote mbili zinalingana kabisa, usishangilie mapema. Huenda betri imebadilishwa kwa ya bei chee inayojitangaza mpya daima. Chomoa chaja, ongeza mwanga, cheza video robo saa. Ikishuka asilimia saba au nane, hiyo ni betri ya kama saa tatu. Ikishuka 20, ni ya saa moja na kidogo, ripoti iseme itakavyo.

Robo saa hiyo usikae bure. Chomeka flashi ufungue CrystalDiskInfo. Juu kushoto kuna hali ya diski; "Good" ni salama, "Caution" ni kuomba diski nyingine. Kisha tazama "Power On Hours", saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi. Ofisini mtu akikaa saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inafika saa 2,000. Kwa hiyo 8,000 ni kama miaka minne ya kazi ya kawaida, haina neno. Ukikuta 30,000, mashine haikuwa ikizimwa usiku. Ukikuta 12, SSD imewekwa mpya juzi. Si kosa, ila uliza ni ya nani, kwani zipo zisizo na jina zinazokufa bila kuaga.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", uhakikishe prosesa na RAM ni zile ulizoambiwa. Stika ya nje si ushahidi. Sehemu ya "Memory" huandika pia nafasi ngapi za RAM zimetumika. "1 of 2" ni habari njema: siku ya kuongeza huna haja ya kutupa iliyopo.

Yaliyobaki ni ya haraka. Ukurasa mweupe ujaze kioo, tafuta madoa na mistari. Halafu mweusi, tafuta pembe zinazovuja mwanga. Fungua Notepad ubonyeze kila kitufe, safu kwa safu, pamoja na Caps Lock na mishale. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, hedifoni kwenye tundu lake huku ukiichezesha kidogo, fungua kamera, jirekodi sauti. Unganisha na hotspoti ya simu yako, usitumie Wi-Fi ya duka, kisha usogee nayo hatua kumi kutoka ilipo simu. Weka kiganja pale hewa inapotokea: feni inayokwaruza au hewa isiyotoka kabisa ni vumbi la miaka.

Jaribio ambalo wauzaji hawalipendi

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilimkuta jirani yangu. Alinunua mashine safi mno, kizazi cha nane, betri nzima. Miezi miwili baadaye ikaanza kuwa nzito, akaamua kuweka Windows upya. Alipofika hatua ya kuunganisha intaneti, kioo kikaleta jina la kampuni moja ya Ulaya asiyoijua, kikimkaribisha kazini na kudai barua pepe yake ya ofisi. Hakuna pa kuruka. Fundi akampitisha kwa kuzima intaneti, lakini kila ikiwekwa upya na mtandao ukiwepo, karibu kazini.

Sababu ni kwamba kampuni kubwa huandikisha alama za kila mashine yake kwenye mfumo wa Microsoft, ili ikiibiwa isimfae mwizi. Mashine zikistaafu, mtu wa ofisini anatakiwa kuzifuta kwenye orodha. Wengine husahau. Anayeweza kuifuta ni kampuni hiyo, na siyo fundi wa Kariakoo, hata awe hodari namna gani. Ndiyo maana wauzaji wengine huzitayarisha bila intaneti.

Kwa hiyo mkishakubaliana bei, na kabla hujalipa, sema: "Naomba tuiweke upya hapa, nikiwa nimeunganisha hotspoti yangu." Njia ni "Settings", "System", "Recovery", kisha "Reset this PC" na "Remove everything". Kwenye SSD inaweza kufika saa nzima. Agiza chai uletewe hapo hapo, usitoke. Ikiwaka upya chagua nchi na kibodi, unganisha hotspoti, subiri. Ikikuuliza kama mashine ni ya matumizi binafsi au ya kazi na shule, umepona. Ikikutajia jina la kampuni, rudisha. Hatua hii inaweza kula MB mia kadhaa za bando lako, na ni MB zilizotumika vizuri.

Akikataa kwa sababu ya muda, aandike kwenye risiti kwamba ikikutwa na kufuli la kampuni utarudishiwa hela yako. Anayejiamini huandika.

Kwa MacBook kuna ndugu yake: Activation Lock. Aliyekuwa nayo lazima awe ameondoa akaunti yake ya Apple. Ifute na uiwashe upya mbele yako, ukiwa na intaneti, uone haitaji akaunti ya mtu.

Chaja na risiti

Chaja husahaulika kwa kuwa kila mtu anatazama kioo. Soma maandishi yake: iingize volti 100 hadi 240, na kwa mashine hizi nyingi wati 65. Dell ikipewa chaja isiyo yake huandika ikiwaka kwamba haiitambui, na inaweza kukataa kuchaji betri au kupunguza kasi. Kwa hiyo iwashe mara moja na chaja ile ile utakayoondoka nayo. Waya wenye plagi ya miguu miwili ya mviringo usiutumie kwa adapta inayochezacheza ukutani. Omba wenye miguu mitatu ya kwetu, ni hela kidogo.

Dai risiti ya EFD, na namba ya mashine iandikwe. Siku ukisimamishwa na kuulizwa umeipata wapi, au ikiibiwa ukaenda kituoni, hiyo ndiyo itakayokusemea.

Jioni ya kwanza nyumbani

Usiunganishe hotspoti ukaenda kula. Mashine mpya kwako ina njaa ya masasisho na itamaliza bando kabla ugali haujapoa. Fungua mipangilio ya Wi-Fi yako, washa "Metered connection". Windows itaahirisha upakuaji mwingi. Masasisho makubwa yafanye ukiwa na Wi-Fi ya chuo au ya ofisini, mashine ikiwa kwenye chaja. OneDrive nayo hupenda kupandisha mafaili yako yote mtandaoni bila kuuliza sana, na nafasi ya bure ni GB 5 tu; izime mpaka uwe umeamua.

Tazama saa. Eneo liwe Nairobi, UTC+03:00, ndilo la kwetu pia. Saa ikiwa si sahihi tovuti nyingi zitakataa kufunguka zikisema si salama. Ikirudi nyuma kila ukizima na kuwasha, kuna betri ndogo ya ubaoni, aina ya kidonge, imeisha. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi yeyote.

Nenda "Settings", "System", "Activation". Mashine hizi za ofisi kwa kawaida hubeba leseni yake ndani ya ubao, hivyo Windows ikiwekwa upya inajithibitisha ikipata intaneti. Ikisema haijathibitishwa, rudi kwa muuzaji. Usikubali akuwekee programu ya kuvunja leseni. Mara nyingi ndiyo inayoingiza wadudu, na maelekezo yake ya kwanza huwa "zima antivirusi". Antivirusi iliyokuja na Windows inatosha, huna haja ya kununua nyingine. Kwa kuandika na kupiga hesabu, LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word.

Lingine wengi hawalijui: ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, Windows 11 inaweza kuifunga diski yako kwa BitLocker kimyakimya. Siku ikigoma itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uko ndani ya akaunti yako; uingie leo, uunakili kwenye karatasi, ukae nyumbani na vyeti vyako. Akaunti yenyewe iwe na namba ya simu unayoimiliki, siyo ya rafiki wa bweni.

Kama mashine itakuwa mezani kwenye chaja muda mwingi, iambie isijaze betri zaidi ya asilimia 80. Lenovo wana programu yao ya Vantage, Dell na HP mpangilio uko BIOS. Na kitandani usiiweke juu ya godoro. Tundu la hewa liko chini.

Kama muuzaji amekupa waranti ya wiki moja, itumie kuichosha mashine. Video, simu za picha, kuandika usiku, kufungua kurasa ishirini. Jioni ya tano ichaji hadi 100, izime kabisa, ilale. Asubuhi ikiwa na 98 au 99, sawa. Ikiwa na 80, kuna kitu kinanyonya umeme ndani ikiwa imezimwa, na bado una siku moja ya kupanda gari hadi dukani ukiwa na risiti mkononi.